Kodi Kwanza, Kelele Baadaye: Mwongozo wa Mpangaji Aliyelemewa na Madeni Kenya

Simu imeita mara tisa tangu asubuhi na hujashika hata moja. Nyingi ni za apu za mikopo, mbili za mweka hazina wa chama, moja ya namba ngeni. Mwenye nyumba hajapiga. Yeye ni mpole, mwezi jana alisema tu, "Utanitafuta." Sasa mteja amekulipa shilingi 10,000. Utampa nani?

Wengi humpa anayepiga kelele. Nami nilifanya hivyo wakati mmoja. Nilimaliza deni la apu iliyokuwa ikimsumbua bosi wangu kwa simu, nikapumua, nikarudi ploti jioni na kukuta kufuli jipya juu ya kufuli langu. Deni nililolipa lilikuwa la kelele tu. Lile nililoliacha ndilo lililokuwa na mlango wangu mkononi.

Basi kabla hujafikiria wakili wala korti, panga madeni yako kwa kile kila mdai anachoweza kukufanyia. Ukishapanga hivyo, hata neno "kufilisika" litapungua ukali, kwa sababu utajua linagusa nini na haligusi nini.

Kwa nini mwenye nyumba atangulie

Benki au apu uliyokopa bila kuweka rehani haiwezi kuja kubeba kochi lako. Lazima ikushtaki, ipate hukumu, kisha iombe kibali cha kukamata mali. Hata Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na iliyoundwa ili iende mbio, hukupa nafasi ya kuitwa na kujibu.

Mwenye nyumba ana njia ya mkato. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu kumtuma dalali mwenye leseni akamate vyombo vyako kwa kodi uliyolimbikiza, bila kukushtaki kwanza. Ni sheria ya zamani sana na wapangaji wengi hawajui kuwa ipo mpaka siku wanapoona lori likirudi nyuma langoni.

Sababu ya pili ni hesabu tu. Ukitolewa kwenye nyumba ya 15,000, nyumba nyingine ya bei hiyohiyo itataka kodi ya mwezi wa kwanza na deposit, yaani 30,000 kabla hujalipa pikapu ya kuhamisha vitu. Aliyeshindwa kulipa 15,000 atazitoa wapi 30,000? Atakopa. Hapo ndipo shimo huwa kisima.

> SANDUKU: Kila mdai na mkono wake
>
> Mwenye nyumba: dalali bila kesi, notisi ya kuhama, kesi ya kukutoa.
>
> Aliyeshika rehani (gari, pikipiki ya mkopo, friji uliyoandika kama dhamana): huchukua kitu hichohicho. Kufilisika hakumzuii.
>
> Sacco: hukata akiba yako, kisha huwageukia wadhamini.
>
> Mkopo unaokatwa kwenye mshahara: Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara wako. Payslip ikionyesha unabaki na chini ya theluthi moja, una haki ya kuuliza.
>
> Benki na apu bila dhamana: simu, jina lako kupelekwa CRB (kampuni zinazoweka rekodi za mikopo), kisha korti wakitaka.
>
> Chama na jamaa: hawana dalali, wana macho tu. Lakini utawahitaji kesho, kwa hiyo wape ukweli hata ukikosa hela.
>
> Shailoki: muulize kwa maandishi deni ni kiasi gani. Akikutishia kukupiga, hilo ni jambo la polisi.

Wiki hii: hatua tano

1. Andika daftari moja. Kila deni liwe na mstari wake: jina la mdai, kiasi cha leo (usiandike ulichokopa mwanzo), riba au ada, dhamana kama ipo, mdhamini kama yupo. Fanya usiku mmoja, ukiwa na chai, na usiruke lile deni linalokuchoma zaidi. Mume au mke wako aone daftari hilo. Siri ya deni huvuja kila mara, na kwa kawaida huvuja kupitia mtu ambaye namba yake uliitoa kama ya mdhamini.

2. Chukua ripoti yako ya CRB. Kuna kampuni tatu zenye leseni, nazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja bure kila mwaka. Linganisha na daftari. Utashangaa: pengine kuna deni ulilolisahau, au deni ulilolipa likasalia limeandikwa kuwa hujalipa. Lililokosewa lipinge kwa maandishi kwa kampuni ileile ya CRB.

3. Linda njia ambayo hela ya kodi hupitia. Hapa ndipo watu huumia bila kujua. Ukiwa na deni la Fuliza, hela yoyote inayoingia M-Pesa hulipa Fuliza kwanza. Ukiwa na mkopo wa benki na mshahara unapitia benki hiyohiyo, mkataba wako huenda unawaruhusu wajilipe. Kwa hiyo omba mshahara uende benki ambayo haikudai. Mteja au ndugu anayetaka kukusaidia, mpe Paybill ya nyumba alipe moja kwa moja, na namba ya nyumba yako aiweke kwenye sehemu ya akaunti. Hapo hakuna aliyedhulumiwa. Umechagua tu kodi itangulie.

4. Acha kukopa ili ulipe kodi. Tuseme mkopo wa simu unatoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Kodi ya 15,000 ukiilipa kwa mkopo huo, mwezi ujao unadaiwa 16,125, na kodi ya mwezi ujao yenyewe inakungoja: jumla 31,125. Afadhali umwambie mwenye nyumba una 8,000 kuliko kumletea 15,000 za mkopo.

5. Mtafute mwenye nyumba kabla ya tarehe 5. Aliyetafutwa huwa mvumilivu, na aliyekimbiwa hutuma dalali. Kama kuna ajenti katikati, mwandikie ajenti na umtumie mwenye nyumba nakala, maana ujumbe wako huenda ukaishia kwa ajenti. Tumia maandishi, hata kama mmezoea kusalimiana langoni:

> *Mama, habari za leo. Ni mimi wa B7. Kodi ya mwezi huu sitaweza kuikamilisha tarehe 5. Nina 8,000, nazituma leo. 7,000 zilizobaki nitazilipa kwa mafungu mawili: 3,500 tarehe 15 na 3,500 tarehe 28. Naomba unijibu hapa kama tumekubaliana, nipate kumbukumbu. Asante kwa kunivumilia.*

Angalia ujumbe huo haumsimulii ugonjwa wa shangazi. Una kiasi, una tarehe, na una hela iliyotumwa siku hiyohiyo. Ahidi kidogo unachoweza. Fungu dogo likilipwa siku yake lina uzito kuliko ahadi kubwa inayoahirishwa kila Jumatatu.

Kuhusu deposit: mpangaji akibanwa husema "ikate kwenye deposit." Mwenye nyumba halazimiki kukubali, kwani deposit ni ya uharibifu na madeni ya mwisho. Akikubali, iandikwe, na ijulikane ni lini utairejesha au ni lini utahama.

Kufuli likikutangulia mlangoni

Kufunga mlango wako, kung'oa mabati au kukutupia vitu nje bila amri ya mahakama si halali, hata kama unadaiwa miezi mitatu. Kudaiwa na kutolewa ni mambo mawili. Fanya hivi:

1. Piga picha, andika saa na majina ya waliokuwepo. Usivunje kufuli kwa hasira, utageuzwa mshtakiwa.
2. Ripoti kituo cha polisi na uchukue namba ya OB. Polisi watakuambia ni kesi ya madai, na ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini namba hiyo ni ushahidi wa tarehe.
3. Kama kodi yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nenda kwa Baraza la Kodi za Nyumba linalosimamia Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Vyumba vya mabati vya Mukuru na Mathare vingine bado vimo humo. Bedsita ya Roysambu ilishatoka zamani. Kiwango hicho kimebaki pale huku kodi zikipanda.
4. Zaidi ya hapo, njia ni korti. Kituo cha Sheria, shirika ambalo limekuwa likiwasaidia maskini tangu miaka ya 1970, huwashauri wapangaji. Pia kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016.

Akija dalali, mambo hubadilika kidogo, kwa sababu huenda yuko ndani ya sheria. Omba kuona leseni yake na barua ya maagizo yenye kiasi unachodaiwa. Kihakiki dhidi ya risiti zako za M-Pesa. Mara nyingi miezi uliyolipa nusu huhesabiwa mizima. Akikuandikia orodha ya vitu, soma tarehe ya mwisho ya kukomboa na upige picha kila ukurasa. Kitu kisicho chako, kama cherehani ya dada yako, kisemwe hapohapo kwa maandishi. Na usimlipe dalali mkononi bila risiti, hata akikuambia ofisi imefungwa.

"Nitafungwa?"

Swali hili huwanyima watu usingizi kuliko yote, na apu zinalijua. SMS ya "tunakuja na polisi" ni maneno matupu: deni la kawaida si kosa la jinai.

Kipo kifungo cha madai, kisichozidi miezi 6, kwa mtu aliyekwisha kushindwa kesi. Lakini hutoki sebuleni ukaenda jela. Korti hukuita kwanza ueleze kwa nini usifungwe, na mdai huonyesha kwamba una uwezo ukakataa, au unaficha mali. Anayekwenda akiwa na daftari lake na payslip, akaomba kulipa kidogokidogo, yuko mahali pazuri. Anayepuuza wito huo ndiye anayepatikana. Na hata kukamata mali kwa hukumu kuna mipaka: nguo, matandiko, vyombo vya kupikia na vifaa vya kazi vimelindwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai, na theluthi mbili ya mshahara pia.

Kwa apu zinazowapigia watu walio kwenye simu yako: kanuni za 2022 za watoaji mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwasumbua watu ambao si wadhamini wako. Hifadhi picha za jumbe, kisha lalamika Benki Kuu ya Kenya na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni litabaki, lakini kelele zitapungua.

Kufilisika kisheria: milango minne

Ukiona daftari halifungiki hata ukila ugali na sukuma miaka mitano, ingia kwenye Sheria ya Ufilisi ya 2015. Sheria hii ilibadilisha mtazamo wa ile ya zamani, iliyomchukulia muflisi kama mtu wa kutengwa. Anayeshughulika na mambo hayo ni Mpokezi Rasmi, aliye chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Anza na mlango mwepesi:

1. Makubaliano ya hiari. Unawapa wadai pendekezo, kwa mfano kulipa sehemu ya deni kwa muda fulani, kupitia msimamizi aliyeidhinishwa na kwa ulinzi wa muda wa korti. Linafaa mwenye biashara au mshahara mzuri, maana lina gharama.

2. Amri ya malipo ya awamu. Mpokezi Rasmi anakuwekea kiwango cha kulipa, kwa kawaida kwa muda usiozidi miaka 3, na wadai walio ndani ya amri hiyo hawakufuati kivyao. Kwa mpangaji mwenye mshahara mdogo lakini wa uhakika, kwa maoni yangu huu ndio mlango wa kubisha kwanza. Hakikisha kodi ya kila mwezi imeandikwa kwenye matumizi yako kabla kiwango hakijapangwa.

3. Utaratibu wa asiye na mali. Ni kwa mtu asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa chochote, ambaye deni lake lote liko kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, hajawahi kufilisika, wala hajawahi kupita mlango huu. Baada ya miezi 12, madeni yanayohusika hufutwa. Huu ulitungwa kwa ajili ya watu kama wapangaji wengi wa mjini, na hauzungumzwi. Matunzo ya mtoto hayafutwi.

4. Amri ya kufilisika. Huombwa Mahakama Kuu, na wewe au na mdai. Mali yako huenda kwa msimamizi wa mali ya muflisi, isipokuwa vile vinavyoachwa, kama vyombo vya nyumbani na vifaa vya kazi kwa viwango vya sheria. Kwa kawaida unaachiliwa baada ya miaka 3 tangu uwasilishe maelezo ya mali na madeni yako. Katika muda huo huwezi kugombea ubunge wala udiwani, na kuwa mkurugenzi wa kampuni kunahitaji ruhusa ya korti. Kwa fundi wa Kariobangi, hayo hayampunguzii kitu. Kinachomuuma ni jina kutangazwa hadharani.

> ONYO: wadhamini
>
> Kufilisika kunakuondolea wewe deni. Mdhamini wako wa Sacco anabaki nalo. Mtu aliyekuwekea sahihi anastahili kuambiwa na wewe mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya kusoma barua. Mkiweza, deni lenye wadhamini lipunguzwe mapema kwa akiba yako ya Sacco.

Na nyumba, je?

Kodi uliyolimbikiza kabla ya amri huingia kwenye fungu moja na madeni mengine. Kodi ya mwezi ujao haiingii. Hiyo ni yako kila tarehe 5 kama kawaida. Mwenye nyumba anaweza bado kukupa notisi kwa mujibu wa mkataba, kwa hiyo usitegemee ombi la kufilisika liwe ngao ya kodi. Ndiyo maana hatua ya tano hapo juu inakuja kabla ya korti: mwenye nyumba anayelipwa mafungu kwa uaminifu hana haraka.

Deposit yako ni mali. Iandike kwenye fomu.

Ukilazimika kuhamia kwingine, rekodi za ufilisi ziko wazi kwa umma, lakini sijawahi kukutana na ajenti wa Nairobi aliyezitafuta. Wanachofanya ni kumpigia msimamizi wa ploti uliyotoka. Ondoka vizuri basi: notisi ya mwezi mmoja, funguo mkononi, ujumbe wa M-Pesa wa kodi ya mwisho. Na nyumba mpya iwe ya chini kuliko uwezo wako, hata kama majirani watasema umeshuka.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

- Kuandikisha pikipiki kwa jina la kaka wiki moja kabla ya ombi. Uhamisho wa namna hiyo unaweza kubatilishwa, na kwenye utaratibu wa asiye na mali, ukigunduliwa unatolewa na madeni yanarudi.
- Kumlipa binamu deni lote kwa sababu "ni damu," huku wengine wakiachwa mikono mitupu. Nalo linaweza kurudishwa.
- Kuhama usiku. Deni linabaki, deposit inapotea, na barua ya korti inapelekwa anwani ya zamani. Hukumu inatolewa bila wewe kusikilizwa.
- Kumlipa mtu wa Facebook "akusafishie CRB." Taarifa sahihi haifutwi kwa rushwa; inabadilika ukilipa au ikithibitika ilikosewa.
- Kukopa tena ukiwa muflisi bila kumwambia anayekukopesha hali yako. Hilo linaweza kuwa kosa la jinai.

Siku ya kwenda kwa Mpokezi Rasmi, beba:

☐ Kitambulisho na namba ya KRA

☐ Daftari la madeni, na barua au SMS ya kila mdai

☐ Ripoti ya CRB

☐ Payslip za miezi 3, au taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 kama umejiajiri

☐ Mkataba wa nyumba, risiti ya deposit, na makubaliano yako na mwenye nyumba yakiwa yamechapishwa

☐ Orodha ya mali yote, hata ile unayoiona haina maana: shamba la urithi ambalo halijagawanywa, hisa za chama, kuku wa nyumbani kwa mama

☐ Wito wowote wa korti, na tarehe yake umeizungushia kalamu nyekundu

Nenda asubuhi, uliza unayoyajua na usiyoyajua, na usitie sahihi fomu ambayo hujasomewa yote. Ukitoka huko, pitia kwa mwenye nyumba na lile fungu la tarehe 15.